Mikesha Iliyoandikwa Shwari

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, muhuri wa afisa wa kazi. Niliisaini kabla ya kujua ni ya nini — ningejua, ningemwachia askari wa lango. Sasa jina langu liko kwenye daftari la mpeleka barua: C. Wangila, karani, saa nne na dakika kumi.

Wahudumu wetu wa usiku wamemshtaki Madam. Wote wawili. Mama Ocira, ambaye kwenye faili ni Atoo, na yule msichana Docus. Wanapokezana, leo huyu kesho yule. Anayeingia anaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi. Analipwa saa mbili za jioni, za kulisha wazee na kuwalaza, na saa mbili za alfajiri, za kuwaosha. Zile nane za katikati tunaziita kulala. Kwa kulala kuna hela ya chai tu. Wao wanasema hawalali. Wanataka saa zote kumi na mbili zihesabiwe kazi na zilipwe kama za mchana.

Nyumba ina wazee kumi na mmoja. Kengele kumi na moja.

Madam Phelister aliisoma amesimama. Hakupandisha sauti. Alisema amewapa godoro, amewapa neti, amewapa hata chai ya usiku, na kuna watu mtaa huu huu wa Makindye wanaolipa kodi kulala pabaya kuliko hapo. Kisha akavua miwani.

"Cleo mwanangu, niletee kitabu cha usiku."

Nilimpelekea. Nilikibeba kwa mikono miwili, sijui kwa nini. Mimi sijashtakiwa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimehesabu. Kila usiku una ukurasa wake. Kuanzia Januari mosi hadi Agosti thelathini na moja, kurasa mia mbili arobaini na tatu. Nikatoa ule wa mama wa chumba cha tatu kuanguka, ule wa ambulensi, ule wa kifo, na nyingine tisa za namna hiyo. Zimebaki mia mbili thelathini na moja. Kila mmoja una neno moja na sahihi. Shwari.

Nilichapa jedwali safi. Madam alifurahi mpaka akaniagizia rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, kwa yule kijana wa chapati. Akampigia wakili nikiwa palepale. Akamwambia ni mkono wao wenyewe, kila asubuhi, hakuna aliyewashikia kalamu.

Nilikula nusu. Nusu nyingine nilimpa askari wa lango.

Kwa sababu nilikumbuka. Mwezi wa pili mwaka jana, wiki yangu ya tatu hapa. Kitabu kilikuwa fujo. Mama Ocira alikuwa akijaza ukurasa mzima kwa herufi kama miba: saa saba Tarcisio anakojoa, saa nane Tarcisio anataka uniform, saa tisa mama wa tatu analia anaita mama yake. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuchapa muhtasari kila Ijumaa na kuwatumia watoto wa wazee. Binti mmoja alipiga simu kutoka ng'ambo analia, kwa nini mama yake analia usiku. Madam alikasirika. Basi nikawaita wahudumu wawili ofisini, nikawaambia: kama hakuna aliyeanguka, aliyetoka damu au aliyekufa, andikeni neno moja tu, mtie sahihi. Niliwaandikia hilo neno kwenye karatasi. Mama Ocira alilinakili mara saba, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliniuliza kama S inatazama upande ule au huu.

Madam alisema, sasa hiki ndicho kisomo.

Chuoni Kyambogo nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Kumbukumbu ni jambo lililotokea, lililoandikwa wakati wake na aliyeliona. Nililijibu hilo kwenye mtihani nikapata A.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekuwa nikisoma sheria kwenye simu, chini ya meza. Kima cha chini cha mshahara cha nchi hii ni kile kile cha mwaka themanini na nne, shilingi elfu sita kwa mwezi. Rolex mbili au tatu. Nilidhani nimekosea tarakimu, nikasoma tena mahali pengine. Elfu sita. Kuna saa arobaini na nane za kazi kwa wiki, kuna malipo ya ziada ukizizidi. Lakini mtu aliyelala kwenye godoro la mwajiri, amevaa sare, kengele iko juu ya kichwa chake — sikuona aliyemwandikia mstari.

Kwa hiyo yote yatategemea kama walikuwa macho. Na kama walikuwa macho au la, ushahidi ni kitabu.

Docus alipita mlangoni asubuhi akitoka zamu. Akauliza kama kitabu kitaenda kwa afisa. Nikasema kitaenda. Akacheka kwa pua. "Kitaenda kusema tulilala kama watoto wa Ulaya. Asante mwalimu."

Nilijifanya natafuta stepula.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Madam alikuwa benchi la mbele kama kawaida, kitambaa cha buluu. Nyimbo nilizijua, sauti haikutoka.

Baada ya ibada alinishika mkono mbele ya watu wa kwetu Kenya, akawaambia huyu ni mtoto wa rafiki wa dada yangu, nilimtoa Kyambogo nikamleta mezani kwangu, hajawahi kuniangusha. Wakapiga makofi madogo. Tulipofika kwenye gari alishusha sauti. Barua yangu ya kibali cha kazi ameshaiandika. Bado sahihi tu. "Tumalize kwanza hili la hawa kina mama, akili yangu itulie."

Kibali kinaisha tarehe thelathini. Bila barua ya mwajiri siwezi kuomba kingine. Bila kibali narudi Kenya, Chwele, na cheti cha Kyambogo, kukaa sebuleni kwa mama.

Mama alipiga jioni. Aliuliza kama Phelister hajambo. Nikasema hajambo. Akaniambia nimheshimu kama yeye. Nikasema namheshimu. Ni kweli. Hilo ndilo linanichosha.

Jumatatu, 8 Septemba

Docus amejiondoa kwenye shauri. Ameandika barua mistari minne, nimeifaili mimi. Kuanzia leo yuko zamu ya mchana. Alipita na ndoo bila kuniangalia.

Amebaki Mama Ocira peke yake.

Na usiku wa leo, ambao ulikuwa wa Docus, hauna mtu. Madam amesema nitashika mimi mpaka apatikane mwingine. Nikasema sijasomea. Akasema, "Kusomea nini? Utalala tu, Cleo."

Jumanne, 9 Septemba

Saa nne asubuhi. Niko chumbani kwangu. Usingizi haujaja.

Godoro liko mwisho wa korido, chini ya ubao wa kengele. Ubao una taa ndogo nyekundu, moja kwa kila chumba. Nilivua viatu saa tatu na nusu. Saa nne kasoro, chumba cha saba, anataka dirisha lifungwe. Nikalala. Chumba cha saba, anataka lifunguliwe. Saa sita hivi, mama wa chumba cha tatu: kumekucha? Nikasema bado. Akasema asante mwanangu. Akapiga tena, kumekucha? Saa saba nilisikia hatua — Mzee Tarcisio amesimama kwenye korido, koti amevaa, viatu amegeuza kulia kushoto. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja. Anasema treni ya Tororo inapita na hakuna mtu kwenye ishara. Nilimwambia treni imeshapita. Akanitazama kama mwongo, akasema treni gani hiyo inapita bila mimi. Ilichukua nusu saa. Nilipomlaza tayari kitanda kilikuwa kimelowa.

Sikujua mtu mzima anageuzwaje. Nilimgeuza kama meza. Aliniomba msamaha, mzee wa umri wa babu yangu, akaniomba msamaha mara tatu huku nikivuta shuka chini ya mgongo wake.

Halafu chumba cha kumi na moja, halafu cha tatu tena, mara tatu. Mara tisa kwa jumla. Lakini si hizo tisa. Ni katikati. Unalala umefumba macho na sikio limesimama. Hata kimya kinakuamsha, unajiuliza kwa nini kengele haijalia, labda kuna mtu amekufa. Saa kumi niliinuka bila kuitwa nikapita vyumba vyote kusikiliza kama wanapumua.

Sasa hili niliandike kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Saa moja asubuhi nilifungua kitabu. Nilishika kalamu. Nikawaza Madam atakisoma saa mbili. Mara tisa! Atasema wanawake wanashika usiku bila neno, huyu msomi usiku mmoja kaleta riwaya. Nikatazama ukurasa wa jana yake, wa Mama Ocira. Neno lile, S yake imetazama panapotakiwa.

Nikaandika Shwari. Nikatia sahihi.

Alhamisi, 11 Septemba

Amepatikana mhudumu wa muda wa zamu za Docus, kwangu umeishia usiku ule mmoja. Lakini Mama Ocira ameuona ukurasa wangu.

Aliingia zamu saa moja kasoro, mimi nikiwa nafunga ofisi. Anatembea kutoka kambini, anaishi nyumba za askari na watoto wanne, mume amepelekwa mpakani huu mwaka wa pili. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama amri. Akafungua kitabu, akaweka kidole.

"Karani. Hata wewe? Shwari?"

Nikazungusha funguo kidoleni.

"Tarcisio hapana amka?"

"Aliamka."

"Aliuliza treni?"

"Aliuliza."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Hakucheka kwa ubaya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema sasa tuko wengi kwenye hii jeshi ya kulala.

Sijui kilichonipata. Nikamwambia habari ya kibali. Tarehe thelathini, barua iliyokosa sahihi, yote. Maneno yalitoka kama maji ya bomba lililokatika. Hakunipa pole. Aliuliza tu kama kule Kenya nina mama. Nikasema ninaye. Kama ni mzima. Mzima. Akatikisa kichwa, akafunga vitenge vyake, akaenda kumwangalia mzee wa chumba cha saba.

Nilikusudia nisimwambie mtu habari ya usiku ule wala ya kibali. Sasa anajua. Kwa nini nilimwambia? Mimi ndiye niliye upande wa meza ya Madam. Yeye ndiye mwenye shauri. Nimempa mtu ninayemhofia kamba, nikamwonyesha na shingo.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijalala vizuri tangu Jumatatu. Nikilala nasikia kengele, na chumbani kwangu hakuna hata ya mlango.

Jean-Claude, yule fundi cherehani Mkongo anayepanga chumba kinachopakana na changu, ameuliza kupitia ukutani kama nimehamia na mtu. Anasema anasikia miguu minne usiku. Nikamwambia ni miwili tu, inakwenda na kurudi. Akasema basi iambie ikae.

Nimejaribu kuandika barua kwa afisa wa kazi. Nne. Ya kwanza ilianza "Kwa heshima na taadhima". Nikaichana. Ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: mimi ndiye niliyewaambia. Nikaichana hiyo vipande vidogo kuliko zote, nikavigawa kwenye mapipa mawili.

Hakuna aliyenituma nifanye lile. Hilo ndilo linalonizunguka. Laiti Madam angekuwa ameniagiza, ningekuwa nimeagizwa. Lakini alinisifu tu, baadaye. Neno lilikuwa langu.

Jumatatu, 15 Septemba

Shauri ni keshokutwa, saa tatu. Madam hatakwenda, presha imepanda. Atakwenda wakili, na mimi nitabeba kitabu.

Wakili alikuja leo kunifundisha. Kijana wa umri wangu hivi, viatu vyenye ncha. Hakunitisha hata kidogo. Aliuliza maswali mepesi. Mkono huu ni wa nani? Wa Atoo. Na huu? Wa Docus. Uliwahi kumwona mtu akiwalazimisha kuandika? Sikuwahi. Je, umesema uongo wowote hapo? Nikasema hapana.

"Basi umemaliza. Ukiulizwa kimoja usijibu viwili."

Alipofunua kitabu alifika kwenye ukurasa wa tarehe nane. Akaona sahihi yangu. Akatabasamu. Akasema hii ni dhahabu, hata karani msomi amelala pale na kaona shwari. Akabandika kijikaratasi cha njano.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikaacha maji yatoke.

Jumatano, 17 Septemba

Saa mbili na nusu. Nimefika mapema. Korido ya ofisi ya afisa wa kazi, benchi la mbao. Nimebeba kitabu cha usiku kwenye mfuko wa nailoni, na hili daftari ndani ya koti kwa sababu naogopa kuliacha chumbani. Watu wamejaa. Mpishi, mtu wa boda aliyevunjika mguu, wasichana watatu wa saluni. Kila mtu ana karatasi yake mkononi. Mama Ocira amefika kwa miguu. Amevaa sketi ya kanisani na viatu vya mwanawe mkubwa, vyake vimekatika. Amenisalimia kama jirani.

Jumatano, mchana

Saa saba na robo. Tumeachiliwa mpaka saa nane. Lazima niandike haraka na kwa mpangilio.

Afisa ni mama wa makamo, mpole, sauti ndogo. Anasikia Kiingereza na Kiganda. Kiswahili alisema chake ni cha kununulia nyanya. Mama Ocira ana Kiacholi na kile cha kambini. Mkalimani wa Kiacholi yuko kwenye shauri jingine. Afisa akatazama chumbani, akaniuliza mimi kama naweza kutafsiri. Nikasema mimi ni karani wa upande wa pili. Akauliza kama kuna anayepinga. Wakili hakupinga, alionekana kufurahi. Mama Ocira akasema, "Huyo kijana anajua maneno yangu. Aseme yeye."

Nikaapishwa. Nikawa mdomo wa watu wote.

Mwanzo ulikwenda vizuri, na niseme ukweli, nilikuwa hodari. Wakili aliuliza, mtu aliyelala anafanya kazi gani? Nikatafsiri. Mama Ocira akajibu, "Mwambie, sentry akisinzia kwenye geti, amekwenda likizo?" Afisa alikohoa ili asicheke.

Afisa mwenyewe akauliza: usiku wa manane, ukitaka kwenda kwako, unaweza? Mama Ocira: "Lango iko na kufuli. Funguo iko na askari. Askari iko na order, hakuna mtu kutoka mpaka asubuhi." Afisa akaandika hilo kwa muda mrefu. Wakili akaacha kuchezea kalamu. Nikahisi chumba kimegeuka kidogo upande wake, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikiwa nimevaa tai niliyonunuliwa na Madam.

Halafu kitabu.

Afisa alifunua kurasa nyingi, polepole. Akauliza kama mkono ni wake. "Yangu." Akauliza neno lina maana gani. "Hakuna shida." Akasema, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna shida. Na hapa umeniambia unaamka mara sita, mara nane. Lipi nishike? Mama Ocira akasema yote mawili. Wakili akafunua kwenye kile kijikaratasi cha njano, akasema hata mkalimani wetu ameshuhudia. Afisa akanitazama juu ya miwani, lakini hakuniuliza. Mimi siyo shahidi. Mimi ni mkalimani.

Akamuuliza yeye. Nililitafsiri vizuri, kila neno mahali pake: Nani alikuambia uandike hivi?

Mama Ocira aliniangalia. Si kwa muda mrefu. Kama mtu anavyoangalia saa ukutani.

"Hakuna mtu. Sisi wenyewe. Ilikuwa uvivu ya kuandika."

Afisa alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Wakili alisubiri. Feni ilikuwa ikizunguka. Nilijua nikifungua mdomo kitatoka kimoja kati ya vitu viwili.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Kiingereza changu kilikuwa kizuri sana.

Afisa akaandika. Akauliza tena, taratibu, kama ana hakika. Nikatafsiri swali. "Hakika." Nikatafsiri jibu. Akaonekana amechoka ghafla. Akasema basi maelezo yatachapwa, saa nane nitamsomea Mama Ocira kwa Kiswahili, ataweka sahihi, nami nitaweka yangu kuthibitisha kwamba ni tafsiri ya kweli. Baada ya hapo hapokei kingine. Ataamua kwa kilichomo kwenye faili.

Kilichomo kwenye faili ni kwamba alilala.

Tulitoka nje, kwenye ngazi. Alikuwa na karanga kwenye gazeti. Akanisogezea. Nikasema mama, ni mimi niliyewaambia.

"Najua. Nilikuwa hapo."

"Basi kwa nini?"

Alitafuna kwanza. Akasema mimi nina karatasi inaisha mwezi huu, na yeye ana mtoto wa umri wangu aliyerudishwa kutoka depo ya mafunzo ya jeshi kwa sababu ya neno la mtu mmoja, mpaka leo anashinda amekaa. "Kukufukuzisha na mdomo yangu, hapana. Siwezi. Ukijifukuzisha wewe, hiyo ni yako."

Nikamwuliza atafanya nini akishindwa. Akasema atarudi usiku wa leo, ni zamu yake, Tarcisio hajui habari ya shauri. Kama lango litafunguliwa. Kama halitafunguliwa atatafuta nguo za kufua.

Macho yalinijaa. Akatazama pembeni. "Usilie hapa, watasema mimi nimekupiga."

Saa nane kasoro ishirini. Simu ilitikisika. Madam. Barua imesainiwa, iko kwenye droo ya juu, nipite jioni niichukue. Mungu akubariki mwanangu. Wakili kampigia, bila shaka.

Wakili mwenyewe amepita sasa hivi akijipangusa mdomo. Amenigusa bega. Kazi nzuri, bwana mdogo.

Saa nane kasoro tano. Wameniita mimi kwanza, niyasome maelezo kabla ya yeye kuingia. Nimesoma nikiwa nimesimama. Kurasa mbili. Hakuna kosa hata moja la chapa. Kwenye ukurasa wa pili, katikati: hakuna aliyeniambia, ulikuwa uvivu wetu wa kuandika. Chini kuna mistari miwili mitupu. Mlalamikaji. Mkalimani.

Afisa aliuliza kama kuna cha kurekebisha.

Nikafungua mdomo. Nikasema naomba dakika tano.

Afisa aliweka kalamu chini. Akasema kwa kawaida mkalimani hahitaji dakika tano, yeye hurekebisha maneno tu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ndogo, kama ninahitaji kukaa kiti kingine. Nikajua maana yake. Kiti cha shahidi kiko kushoto, kina mto uliochanika. Wakili alikuwa bado kwenye korido na simu yake. Nikarudia, dakika tano. Akasema sawa, akavuta faili jingine. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha wino, akanipa yake bila kuniuliza nataka kuandika nini.

Nimekaa kwenye benchi. Naandika mbio, mwandiko huu si wangu. Najaribu kuona jioni ya leo na siioni. Naona droo ya juu. Naona mama sebuleni, anauliza Phelister umemfanya nini. Naona Mzee Tarcisio kwenye korido amevaa viatu, na mtu mgeni anamwambia treni imepita.

Mama Ocira amekaa mkabala nami, mikono mapajani. Haniangalii. Amefumba macho lakini halali. Nimeujua sasa usingizi wa namna hiyo.

Dakika zimebaki mbili. Wakili amemaliza simu, anaelekea mlangoni, ananitupia tabasamu lake. Nikitaka kumtangulia lazima nisimame sasa.

Kalamu hii ni ya afisa. Lazima niirudishe kabla wakili hajaingia.